Akiba ya Mshono

Ukitaka kujua kama Fundi Futi ni mtu wa siri, mpelekee nguo iliyokubana. Hatakuuliza umekuwa ukila nini. Atakugeuza polepole mbele ya kioo, pini zimejaa midomoni, kisha atakuambia vitambaa vya siku hizi vinarudi sana vikifuliwa, iache hiyo nguo, njoo Alhamisi. Ukija Alhamisi inaingia kama siku ya kwanza. Unashuka ngazi umenyoosha shingo, huna habari kwamba kitambaa hakikurudi hata kidogo, ni wewe uliyekwenda mbele.

Duka lake lilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka, mlango wa tatu ukimaliza ngazi, katikati ya fundi viatu na mtu wa fotokopi. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia iliyochakaa ukingoni, kioo kirefu, pazia la kubadilishia nguo lililoning'inizwa kwa waya, na cherehani mbili zinazotazamana. Moja yake. Ya pili ya mkewe, ambaye jengo zima lilimwita Mama Vifungo, maana kazi ya kumalizia nguo ilikuwa yake: pindo, kulabu, matundu na vifungo. Fundi akikata na kuunga, mama anamalizia. Waligawana kazi hivyo tangu waoane, na hakuna aliyetia mkono upande wa mwenzake. Fundi hakujua hata kopo la bati la vifungo limepangwaje. Ukimuuliza kifungo, anakuelekeza kwa kidevu: "Muulize mwenye mali."

Pale dukani palikuwa na sheria moja tu, lakini ilishikwa kama dini: kipimo cha mtu hakitamkwi. Mafundi wengine hupima huku wakitangaza, kifua hiki, kiuno hiki, nyonga hizi, na mteja mwingine yuko hapo kwenye benchi masikio wazi. Fundi Futi aliona huo ni utovu wa adabu. Yeye alizungusha futi, akaigusa namba kwa ukucha wa kidole gumba, akaenda kuiandika kwa chaki pembeni mwa meza kwa mwandiko ambao hata yeye aliusoma kwa shida. Nguo ikishakatwa, anaifuta namba kwa kiganja na habari inaishia hapo. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kumfuata kwa ajili hiyo tu.

Halafu kila mshono aliuachia akiba. Mnaojua kushona mnaelewa: ni kile kitambaa kinachobaki kwa ndani, kimekunjwa ubavuni, hakionekani, kinangoja siku ya shida. Fundi mchoyo huacha upana wa ukucha. Fundi Futi aliacha cha kutosha, hasa kwenye nguo za mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mkewe.

Ilianza zamani, mtoto wao wa mwisho akiwa bado ananyonya. Siku hiyo mama alitaka kutoka, akavuta gauni alilolipenda, likagoma kwenye nyonga. Akalivuta tena. Kisha akakaa kitandani, gauni mapajani, akalia kimya kimya, na Fundi amesimama mlangoni ameshika viatu. Mwanamume huyu angeweza kukutolea koti kutoka kwenye pazia kuukuu, lakini mbele ya machozi ya mkewe hakuwa na ufundi wowote. Alilichukua lile gauni, akaenda nalo dukani, akalifumua ubavuni kwa wembe, akaachia akiba, akaliunga upya, akalipiga pasi na kulirudisha kabatini bila neno. Kesho yake mama akalivaa, likaingia. "Kumbe jana nilikuwa nimevimba tu," akasema, na siku nzima alishinda akiimba.

Basi Fundi akaona amepata dawa. Tangu hapo nguo ya mkewe ikianza kunung'unika ubavuni, yeye anaichukua kwa kisingizio cha kuipiga pasi, na inarudi imetulia. Miaka ikapita hivyo. Watoto wakakua wakaenda zao, na Mama Vifungo akanenepa kidogo kidogo bila kubanwa na chochote. Alikuwa na mwili mkubwa wa kupendeza na kicheko kilichosikika mpaka chini barabarani, na aliapa kwamba yu vile vile kama alivyoolewa.

"Nguo haidanganyi," aliwaambia wateja. "Hili gauni la kijani nilishonewa binti yetu mkubwa alipohitimu chuo. Haya, tazameni. Linaingia wala sivuti pumzi."

Kila aliposema hivyo, Fundi alikumbuka kuna sindano imeanguka, akainama chini ya meza kuitafuta.

Wala usidhani yeye alikuwa kijiti. Tumbo lilimtangulia kuingia mlangoni, na fundi viatu alikuwa na mazoea ya kumsalimia, "Karibuni, naona leo mmekuja wawili." Fundi hakutikisika. Alijipiga kwenye mkanda, akajibu: "Huu ni upepo, ndugu yangu. Kiuno changu ni kile kile. Suruali zangu nakata kwa karatasi ile ile niliyokatia ya harusi, uliza." Na kweli alikata kwa karatasi ile ile, imeshakuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Hilo naomba ulishike, litatufaa baadaye.

Maisha yao hayakuwa na ubaya. Walipenda mkate wa moto uliolowa siagi, chai ya sukari isiyoona haya, na kukaanga chochote kinachokubali kukaangwa. Chumvi ilikaa mezani, ikapita mkono kwa mkono kabla mtu hajaonja. Kazi yao ilikuwa ya kukaa, asubuhi mpaka jioni, na mguu ndio pekee uliotembea, nao ulitembea papo hapo kwenye pedali.

Siku moja wauguzi wa zahanati ya jirani walikuja na meza yao, wakaiweka koridoni juu ya ngazi, wakatangaza wanapima presha bure. Neno bure lina miguu. Dakika chache tu jengo zima liko kwenye foleni. Fundi viatu alikuwa wa kwanza, akaambiwa yuko sawa, akaanza kutembea kifua mbele utadhani ametunukiwa nishani. Mama Vifungo alikwenda na subana yake ya kushonea bado iko kidoleni, kwa sababu aliona ni maongezi ya bure na yeye hakuwa mtu wa kukosa maongezi.

Muuguzi alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Alimfunga mama mkanda mkononi, akautazama, akaufungua, akachukua mwingine mpana zaidi.

"Mbona unabadilisha, mwanangu?"

"Ule mdogo kwa mkono wako, mama. Ukibana sana unatoa namba ya uongo, inakuja kubwa kuliko ilivyo."

Fundi alikuwa amesogea kuchungulia. Aliposikia hivyo akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwake mtu anayejua kwamba kipimo kibovu kinaharibu kazi ni mtu wa kuheshimiwa. Namba ikatoka. Muuguzi akaitazama, akamwomba mama akae vizuri, mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage chini, asizungumze kwanza. Hilo la kutozungumza ndilo lililokuwa gumu. Akapima tena.

"Juu mia moja na sabini, chini mia moja na mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Iko juu, mama. Kichwa huwa kinauma?"

"Nani kichwa hakimuumi na wateja hawa?"

"Uzito je? Umeongezeka miaka ya karibuni?"

"Hata kidogo." Mama Vifungo akashika pindo la gauni lake. Ilikuwa bahati mbaya ya Fundi kwamba siku hiyo lilikuwa lile la kijani. "Unaliona hili? Nimeshonewa binti yangu alipohitimu, na sasa binti huyo ana watoto wawili. Lingekuwa linaingia? Fundi aliyelishona huyo hapo nyuma yako, muulize."

Muuguzi akageuka. Foleni nzima ikageuka. Fundi Futi akatazama kandambili zake.

"Ni kitambaa kizuri kile," akasema. "Hakirudi."

Fundi viatu akacheka, akidhani mwenzake anatania. Muuguzi alimwomba mama apande kwenye mizani iliyokuwa pale pembeni, mama akakataa kwa tabasamu, akasema hana haja, shahidi wake amemvaa. Basi akaambiwa aje zahanati apimwe tena akiwa ametulia. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na Fundi hakusema.

Mama alikwenda zahanati, mara ya kwanza na ya pili, na mashine ikasema yale yale. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na mwili. Alirudi dukani amenuna, akavitia vile vidonge ndani ya bati la vifungo, chini kabisa, upande wa vifungo vikubwa vya makoti.

"Mbona unavificha?" Fundi akauliza.

"Sivifichi, naviweka. Wameniambia eti mwili wangu umezidi. Mwili upi? Mimi dawa ya watu walionenepa niimeze ya nini na sijanenepa? Wakipima vizuri nitameza."

"Lakini wamepima mara tatu, mama watoto."

"Na nguo zangu zinanipima kila siku."

Fundi akarudi kwenye meza yake ya kukatia. Alikuwa na mama mkubwa aliyewahi kuugua presha na kuipuuza, mwanamke mcheshi vile vile, aliyekuwa akisema kichwa ni kelele za wajukuu. Siku moja akaanguka jikoni, na tangu hapo upande wake wa kulia haukumtii tena mpaka alipofariki. Fundi ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya gauni lake, akiwa kijana, na ndiyo maana baadaye hakutaka kushika kifungo cha mtu maishani mwake. Hilo hakuwahi kumwambia yeyote. Sasa kila mkewe alipojishika paji la uso, yeye aliona jiko lile.

Na dalili zilianza kujitokeza, au labda zilikuwepo siku zote na yeye ndiye sasa alizitazama. Mama akipanda ngazi alisimama katikati, akadai mwenye jengo ameongeza vidato. Siku moja alitoa shati la mteja, na vifungo vyake vimeyumba kama meno ya mtoto. Haijawahi kutokea. Mama Vifungo huyu angeweza kushika mstari huku anasimulia habari na kutazama nje. Akasema ni taa. Fundi akabadilisha taa, akaweka kali. Shati lililofuata nalo likayumba.

Fundi alijua ukweli. Mkewe hakuwa mkaidi. Mkewe alikuwa na ushahidi, na ushahidi ule ameutengeneza yeye kwa mikono yake, mshono kwa mshono, kwa mapenzi, na sasa ndio uliokuwa ukimzuia asimeze dawa.

Kisha mdogo wake Mama Vifungo akaalika watu, anafungua saluni yake Jumamosi, na mama akasema atavaa la kijani. Akalijaribu nyuma ya pazia. Likambana ubavuni.

"Baba watoto, sabuni hii mpya inarudisha nguo. Hebu lipige pasi ya maji, lilegee."

Fundi alikuwa anajua pasi ya maji hailegezi kitu. Lakini ndiyo yalikuwa maneno yao, na yamewafaa miaka mingi.

Fundi akalitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akachukua wembe. Alipofumua ubavuni, mkono ukasimama. Akiba ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni upana wa ukucha, kama cha wale mafundi aliokuwa akiwasema. Na kando yake, kwenye ule ukijani ambao haukuwahi kuona jua, palikuwa na mistari ya vitundu vya sindano iliyopangana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mahali ambapo gauni liliwahi kuishia. Hakuwahi kuitazama yote kwa pamoja. Akaona haya, mtu mzima, peke yake na gauni.

Sasa msimwone mjinga. Alikuwa na njia. Kile kitambaa cha kijani alikuwa nacho kipande, amekihifadhi kwenye sanduku la mabaki, na kipande chembamba kikiingizwa chini ya kwapa hakuna jicho litakalokiona. Akakitoa. Akakipiga chaki. Akainua mkasi. Ng'ambo ya meza, mkewe alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, anatia uzi. Ukapita pembeni. Akalowesha ncha kwa ulimi, akajaribu tena, ukapita pembeni. Akajifuta macho kwa kifundo cha mkono, akajaribu mara nyingine, hakusema kitu.

Fundi akaweka mkasi chini.

"Mama watoto, njoo uone."

Mama akaja, sindano mkononi. Akatazama gauni lililolazwa tumbo wazi. Mtu aliyeshinda na nguo maisha yake yote haelezwi mistari ya vitundu ni nini. Aliigusa kwa kidole, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho ukingoni.

"Hii ni kazi yako," akasema.

"Ni yangu."

"Na ile nguo yangu ya bluu?"

"Na ya bluu. Zote."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyolia kitandani, mtoto ananyonya. Sikuweza kukuona vile. Nikasema afadhali nguo iongezeke kuliko wewe ulie tena. Halafu ikawa mazoea." Akalaza kiganja juu ya gauni. "Vitambaa vyangu havirudi, mke wangu. Yule binti wa mashine hakukosea. Mimi ndiye niliyekudanganya, na sasa naogopa. Mama mkubwa alianza hivi hivi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvalisha. Sitaki kukufunga vifungo wewe."

Mama Vifungo akaichomeka sindano kwenye ukosi wa nguo aliyovaa. Uso ulimwiva, na Fundi akajiandaa kwa lolote.

"Umeniacha nikajianika mbele ya foleni nzima," akasema. "Nimeshika pindo, najisifu. Na wewe umesimama hapo, unatazama kandambili."

"Ndiyo."

"Ningekuwa na nguvu ningekupiga na hii rula."

"Ipo hapo."

Akaitazama rula. Akamtazama mumewe, akashuka na macho mpaka kwenye mkanda, na hapo kitu fulani kikabadilika usoni mwake, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni. Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya pazia.

"Legeza mkanda."

"Mama watoto, kuna watu koridoni."

"Legeza nikuambie."

Akalegeza. Mama akaikunja nje sehemu ya kiuno ya ile suruali, akamwonyesha kulabu, kwa ndani, mahali ambapo mvaaji haangalii kamwe. Kando ya kulabu palikuwa na vitundu. Kando ya vitundu hivyo palikuwa na vingine. Kisha akamgeuza, akavuta mshono wa nyuma, na Fundi akajipinda mpaka akaona kwenye kioo: akiba yote imeachiwa, imeungwa upya kwa mkono, mishono midogo sawasawa, ambayo hakuna mtu mwingine jengoni angeweza kuishona.

"Karatasi ni ile ile, ndiyo," mama akasema. "Lakini nguo ikitoka kwako inapita kwangu."

Fundi akaigusa ile mishono kwa kidole. Miaka yote ile amejipiga kwenye mkanda mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unajisifu kwa raha. Fundi viatu anakutania, unamjibu kiuno ni kile kile, unarudi ndani unatabasamu. Niliona nikikuacha ubanwe utaona haya. Nikasogeza kulabu. Baadaye nikasogeza tena."

Wakatazamana nyuma ya pazia, yeye ameshika suruali isianguke. Aliyeanza kucheka ni mama. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Fundi naye akashindwa kujizuia, mpaka mtu wa fotokopi akagonga kuuliza kama kuna usalama. Lakini kicheko kilipoisha mama alikuwa na machozi, na hayakuwa yote ya kicheko.

"Sisi tulikuwa tunabembelezana," akasema, "na tulikuwa tunasukumana shimoni."

Akatoka, akafungua bati la vifungo, akazamisha mkono mpaka chini na kutoa vidonge vyake. "Kesho tunakwenda wote wawili. Na mizani nitaipanda, ila utaanza wewe."

Akaanza yeye. Muuguzi mwenye miwani alimfunga ule mkanda mpana, akapima, akamkalisha, akapima tena. Fundi Futi, mwenye kiuno cha harusi, presha yake ilikuwa juu kuliko ya mkewe. Mama alijaribu kusikitika, ikamshinda kidogo.

"Lakini mimi siumwi na chochote," Fundi akasema.

"Wengi hawaumwi, baba. Ndiyo ubaya wake, haipigi hodi."

"Na inahusianaje na tumbo? Moyo uko huku juu."

Muuguzi akafikiri. "Ulinunua cherehani ya kushonea mashati. Kila mwaka unaiongezea unene wa kitambaa, mwishowe unaishonesha turubai. Itashona?"

"Itashona," Fundi akakiri. "Lakini inalazimika. Mpaka siku itakapokataa."

"Moyo nao ni hivyo. Mwili ukiongezeka, kazi ya kusukuma damu inaongezeka, na yale mafuta ya tumboni yanavuruga mambo mengine ndani, figo zinashika chumvi, mishipa inakaza. Si kila mnene ana presha, na wembamba wanayo pia. Lakini uzito ukizidi unaisukuma juu, na ukipungua, hata kidogo tu, mara nyingi nayo inashuka. Siwaambii mrudi mlivyokuwa harusini. Punguzeni kidogo, msirudi nyuma. Na dawa mnameza hata mkijiona wazima, mpaka sisi tuseme."

Mama akauliza kama chai ya sukari imekufa kabisa. Akaambiwa sukari ipungue, chumvi itoke mezani, kukaanga kuwe kwa nadra, na watembee. Fundi akasema wao wameshakula chumvi nyingi, kubadilika sasa si rahisi. Muuguzi akamjibu kwamba ndiyo hiyo hiyo anayoisemea.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa raha. Wiki ya kwanza Fundi alikula shingo upande, akaita chakula kisicho na chumvi chakula cha mahabusu. Walianza kurudi nyumbani kwa miguu, na siku za mwanzo walitembea kimya, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa pumzi. Mama alikuwa akimkamata anapapasa kipande cha mkate kabatini, na yeye akamkamata mama na karanga za chumvi, zimefichwa palepale penye bati la vifungo. Waligombana, wakachekana, wakaendelea. Vidonge vilihamia juu ya meza, karibu na chaki, na aliyemeza kwanza alimsogezea mwenzake glasi ya maji. Kichwa cha mama kikapoa taratibu. Vifungo vikarudi kwenye mstari. Ngazi, akasema, mwenye jengo amezipunguza.

Miezi ikapita. Siku moja dukani kumejaa, benchi halina nafasi, Mama Vifungo akatoka nyuma ya pazia na lile gauni la kijani. Lile lilikuwa limeingizwa kipande chini ya kwapa hatimaye, maana kwenye ufunguzi wa saluni alikataa kuvaa jingine, akasema ataingia na ukweli wake wote. Sasa akalishika ubavuni kwa vidole viwili, akalivuta. Likavutika.

"Fundi, nguo hii imelegea. Njoo unipime."

Fundi akaja na futi. Akaizungusha kiunoni, akaigusa namba kwa ukucha, akageuka kwenda kwenye chaki kama alivyozoea.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza. "Taja."

"Hapa?"

"Hapa."

"Watu wamejaa, mke wangu."

"Nawaona. Taja kwa sauti. Ukimya wako ulitaka kunizika."

Benchi lote likageuza shingo. Fundi Futi hakuwahi kutamka kipimo cha mwanamke katika maisha yake ya kazi. Alitazama futi, akatazama mkewe, akasafisha koo, akaitaja namba. Bado ilikuwa kubwa, nisikufiche. Lakini ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Mama akaipokea kichwa juu, akamnyang'anya futi. "Geuka na wewe," akasema, na ya mumewe akaitaja kwa sauti iliyofika kwa fundi viatu.

Mwanamke mmoja kwenye benchi, aliyeleta sketi iachiwe akiba, aliikunja mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Fundi," akasema, "mimi ukinipima, ile habari ya kitambaa kurudi usiniambie."

Jioni, wateja walipotoka, Fundi akaligeuza gauni la kijani ndani nje. Akakitoa kile kipande cha kwapani, akakirudisha kwenye sanduku la mabaki. Akatafuta ule mstari wa vitundu uliotangulia, akaufuata, sindano ya cherehani ikapita mahali ilipowahi kupita. Kitambaa kilichozidi kikabaki ndani, na mkono wake ukaenda kwenye mkasi ili akikate, kisha ukarudi. Akiba si dhambi. Mkewe alikuwa ameleta kiti chake upande huu wa meza, amekaa karibu naye, anautazama mshono ukipita mpaka mwisho.